"Leo tumesoma samaki": Mtoto wa darasa la kwanza anajifunza nini?



Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumeonelea tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi hulipita bila ya kulizingatia, nalo ni masomo ya watoto wetu wadogo wa darasa la kwanza na la pili. Ni kawaida ya mzazi kumuuliza mtoto arudipo kutoka shule, "Leo mmesoma nini?" Mtoto akijibu kwamba wamesoma samaki, au maji, au familia, mzazi huona kama amejibiwa mzaha. Husema moyoni mwake: samaki tunao hapa nyumbani, maji anayachota kila siku, na familia ndiyo hii anayoishi nayo, basi shule inamfundisha kitu gani ambacho hakijui?

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakadai kwamba elimu ya siku hizi imekuwa nyimbo na michoro mitupu, na kwamba mtoto akikosa siku mbili tatu za masomo ya namna hiyo hapotezi chochote. Kauli hiyo ina madhara. Mtoto anayesikia nyumbani kwamba somo lake ni upuuzi naye huliona upuuzi, na miaka hii miwili ya mwanzo ndiyo inayoamua kama atasoma kweli au ataingia darasa la tatu akiwa anabahatisha.

Kwa ajili hiyo tumechagua kuitazama Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, ambako mtoto wa mlimani na mtoto wa pwani ya ziwa hufundishwa kwa mtaala mmoja ilhali mazingira yao yanatofautiana sana. Hapo ndipo tutakapoona vyema mada hizi zinafundisha nini, na mzazi ana sehemu gani katika kuzikamilisha.

MADA NI KITU GANI

Mada, kwa maana tunayoikusudia hapa, ni jambo moja lililo karibu na mtoto ambalo mwalimu hulichukua na kulitumia kufundishia mambo mengi kwa pamoja. Tuchukue mada ya maji. Katika kusoma, mtoto huunganisha silabi "ma" na silabi "ji" akapata neno. Katika kuandika, hulinakili neno hilo daftarini, herufi zikikaa sawasawa juu ya mstari. Katika kuhesabu, hujumlisha ndoo mbili zilizochotwa asubuhi na tatu zilizochotwa jioni. Katika afya, huelezwa kwa nini maji ya kunywa huchemshwa na kwa nini chombo chake hufunikwa. Katika sanaa, huchora mtungi na kuimba. Wiki inapokwisha, mtoto huyo amelitazama jambo moja kwa pande zake nyingi, na kila somo limelitia nguvu somo jingine.

Sababu ya kufundisha hivyo iko wazi. Mtoto wa miaka sita au saba hajui kwamba wakubwa wameigawanya dunia katika hisabati, sayansi, lugha na uraia. Anachokiona yeye ni mama anayepima maharage, baba anayetengeneza wavu, mvua inayonyesha na mdogo wake anayeharisha. Mwalimu akianzia hapo, huanzia pale mtoto alipo.

Hapa nchini mwelekeo huu umepitia hatua kadhaa. Mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yalipunguzwa ili mkazo uwe katika stadi tatu za kusoma, kuandika na kuhesabu, ambazo walimu huziita KKK, huku mambo ya afya, mazingira, michezo na sanaa yakibaki kuwa sehemu ya umahiri ambao mtoto anapaswa kuupata. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 nao ulipangwa kwa umahiri, si kwa majina ya masomo ya wakubwa: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeendelea kuzipa KKK nafasi ya mbele, na pamoja nazo umeweka afya na mazingira, utamaduni, sanaa na michezo, lugha ya Kiingereza na elimu ya dini.

Majirani zetu nao wamepita njia hiyo. Uganda ilianza mwaka 2007 kufundisha madarasa matatu ya mwanzo kwa mtaala uliojengwa juu ya mada. Darasa la kwanza lina mada kumi na mbili, zikiwemo shule yetu, nyumba yetu, mwili wa binadamu na afya, hali ya hewa, ajali na usalama, chakula na lishe, na amani na usalama, na watoto hufundishwa kwa lugha ya eneo lao pale inapowezekana. Kenya nayo, katika mtaala wa umilisi ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka 2019, hupanga masomo ya lugha ya madarasa ya chini kwa mada kama vile shuleni, familia, mwili wangu na lishe bora.

Wala fikra hii haikuzuka jana. Daktari mmoja wa Ubelgiji, Ovide Decroly, alifungua shule mjini Brussels mwaka 1907 akayapanga masomo ya watoto kuzunguka mahitaji manne ya binadamu: kula, kujikinga na hali ya hewa, kujilinda na hatari, na kufanya kazi na wenzake. Kwetu sisi, Mwalimu Julius Nyerere katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 aliikosoa elimu inayomtenga mtoto na maisha ya jamii yake. Na karne nyingi kabla ya hao, Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kwamba elimu humfaa mwanafunzi pale anapofundishwa hatua kwa hatua, kwanza kwa jumla, kisha kwa maelezo zaidi, kisha kwa undani, jambo lile lile likirudiwa mara tatu. Mzazi anayelalamika kwamba mtoto "amerudia maji tena" aelewe kwamba kurudia ni sehemu ya ufundishaji.

KITABU KIMOJA, WATOTO WAWILI

Kutoka mjini Mbinga hadi Mbamba Bay ni kiasi cha kilomita 66 kwa barabara ya lami. Hadi mwanzoni mwa muongo wa 2010 sehemu zote mbili zilikuwa wilaya moja ya Mbinga. Baadaye mwambao ukawa Wilaya ya Nyasa, makao makuu yake yakiwa Mbamba Bay. Msafiri anayeteremka njia hiyo huacha nyuma milima ya Umatengo yenye baridi, kahawa na mashamba ya miteremko, akafika kwenye joto la ziwa lililo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, penye mitumbwi, mchanga na vichanja vya kuanikia usipa.

Watoto wa pande hizo mbili husoma kitabu kimoja. Lakini kitabu kinaposema "mazingira yetu", mmoja huona mlima na mwingine huona maji. Ndiyo maana mada haiwezi kukamilika kitabuni peke yake. Kitabu huleta jina la mada, na mwalimu na mzazi ndio wanaoijaza kwa vitu vya mahali pale.

Tena liko suala la lugha. Watoto wengi wa Umatengo huingia shule wakiwa wamezoea Kimatengo, na wa mwambao wamezoea Kinyasa, Kimanda au Kimpoto, ilhali shule hufundisha kwa Kiswahili. Mtoto anayeelezwa kwa lugha ngeni juu ya kitu kigeni hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Akielezwa juu ya samaki aliyemshika jana kwa mikono yake, mzigo mmoja umeondoka, na akili yake yote huelekea kwenye neno jipya.

SAMAKI NA MAJI, MWAMBAO WA NYASA

Tuseme mwalimu wa Liuli au Lituhi anafundisha mada ya samaki. Neno "usipa" lina silabi tatu nyepesi, u-si-pa, na mtoto amelisikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Samaki hao wadogo wanapouzwa kwa sado au kwa mafungu, ipo hapo hesabu ya kulinganisha kikubwa na kidogo, nusu na kamili, bei ya fungu moja na ya mafungu matatu. Wakitandazwa juani, mtoto hujifunza kwamba jua na upepo huondoa maji, na kwamba kitu kisicho na maji hakiozi upesi. Hiyo ni sayansi, hata kama neno sayansi halijatamkwa.

Wavuvi huvua usipa usiku kwa taa, kwa kuwa samaki hao huufuata mwanga, na usiku wa giza ndio ulio bora. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazina nguvu. Basi mtoto wa mwambao anaweza kujifunza kuuhesabu mwezi, tangu hilali hadi kukamilika na kurudi tena kuwa mwembamba, kwa kuangalia tu ni siku zipi mitumbwi inatoka kwa wingi. Sisi Waislamu ambao Ramadhani yetu, Idi zetu na Hija yetu hufuata mwezi, tunapaswa kulifurahia somo hilo kuliko watu wote.

Ziwa lenyewe lina mengi ya kumstaajabisha mtoto. Ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika baada ya Victoria na Tanganyika, kina chake hufikia takribani mita 700, na lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote jingine duniani. Katika samaki hao zipo aina nyingi ambazo mama huyaweka mayai yake kinywani, na vifaranga wakiona hatari hukimbilia mdomoni mwake. Mwalimu akilisimulia hilo katika mada ya familia, hana haja ya kueleza kwa maneno marefu kwamba huruma ya mama kwa wanawe ni ishara ya rehema ya Muumba.

Hata hivyo, mada ya maji mahali hapa inabeba jambo zito zaidi, kwa kuwa inahusu uhai. Kipo kichocho, ugonjwa wa minyoo ambao mzunguko wake hupita kwa konokono wa majini. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai ya minyoo huingia humo, vijidudu vyake hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu mwingine anayeoga, anayefua au anayecheza. Mtoto ndiye anayecheza zaidi majini, na ndiye anayeambukizwa zaidi. Dawa ipo na hugawiwa shuleni, lakini dawa humponya mtoto leo, na kesho akirudi kwenye maji yale yale huambukizwa upya.

Hapa mzazi Mwislamu ana hoja ambayo kitabu cha shule hakina. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Mtoto anayelisikia katazo hilo madrasa, akaelezwa shuleni habari ya konokono na minyoo, akaiona nyumbani choo inayotumika na maji ya kuogea yaliyochotwa na kuachwa siku mbili ndoni kabla ya kutumiwa, huyo amefundishwa kwa sauti tatu zinazosema neno moja. Vijidudu hivyo vya kichocho haviishi muda mrefu nje ya mwili, ndiyo sababu maji yaliyokaa siku mbili bila konokono huwa hayana hatari hiyo. Lakini iwapo shuleni ataambiwa hivi, na nyumbani akamwona mkubwa wake akifanya kinyume ufukweni, basi ataandika jibu sahihi katika mtihani na ataendelea kuugua.

Vivyo hivyo kuhusu ajali. Upepo mkali wa kusini, ambao wavuvi wa ziwa hili huuita mwera, huyachafua maji kwa ghafla, na kwenye midomo ya mito wapo mamba. Mada ya usalama haiwezi kufundishwa mwambao kwa picha ya gari na taa za barabarani peke yake. Baba mvuvi anayemweleza mtoto wake dalili za mwera angali mdogo, na kumwonyesha mahali pasipoogewa, anafundisha mada hiyo kikamilifu kuliko kitabu.

SHAMBA LA NGORO, UMATENGO

Tupande sasa milimani. Mtoto wa Mbinga akifundishwa mada ya shamba, hana haja ya kutafutiwa mfano mbali. Wamatengo wana kilimo cha ngoro, ambacho wamekifanya kwa zaidi ya karne mbili kwenye miteremko mikali ambayo, kwa kilimo cha kawaida, ingekwisha kuchukuliwa na mvua.

Utaratibu wake ni huu. Majani hukatwa na kulazwa kwa mistari inayopishana, hata mteremko mzima ukawa kama kitambaa cha mirabaraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukiwa juu ya majani yale, yakawa matuta kuzunguka shimo. Mvua inyeshapo, maji huingia mashimoni badala ya kuporomoka na udongo, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Mazao hupandwa juu ya matuta, kwa kawaida maharage kwanza, na mahindi msimu unaofuata.

Hebu tuhesabu ni mambo mangapi mtoto anayapata hapo. Anapata umbo la mraba, safu na mstari. Akihesabu mashimo matano katika safu na safu nne kuteremka, amekwisha kuugusa mlango wa kuzidisha kabla ya kufundishwa jedwali. Anaona kwamba maji hushuka, kwamba kinachooza hulisha kinachoota, na kwamba ardhi isipotunzwa huondoka. Anaona pia kwamba kazi ya ngoro haifanywi na mtu mmoja. Babu na bibi wanaolijua jambo hili wasidhani kwamba hawana la kumfundisha mwanafunzi kwa sababu hawakusoma. Katika mada hii wao ndio walimu wakuu.

Kahawa nayo ni kitabu kingine. Mche uliotoka kitaluni huchukua kiasi cha miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa. Mwambie mtoto wa miaka saba kwamba mti huu ulipandwa alipokuwa na miaka minne, naye ataelewa maana ya miaka mitatu kuliko kwa kuangalia kalenda ukutani. Kuchagua kahawa nyekundu zilizoiva na kuziacha za kijani ni somo la kutofautisha, na ni somo la uaminifu pia, kwa maana anayechanganya mbichi na mbivu ili apate uzito hudhulumu. Qur'ani Tukufu ina sura nzima, Al-Mutaffifin, ambayo jina lake linatokana na wanaopunja vipimo. Mtoto aliyefundishwa kupima kwa haki kwenye mzani wa kahawa, au kwa sado ya usipa, ameyafahamu maudhui ya sura hiyo kwa mikono yake.

Lakini tuseme na lililo gumu. Msimu wa mavuno wapo watoto wanaobakizwa shambani, na mwambao wapo wanaobakizwa ufukweni siku za usipa mwingi. Mzazi hujitetea kwamba mtoto anajifunza kazi. Kwa hakika, kusaidia wazazi baada ya masomo ni malezi mema. Ila shamba humpa mtoto kitu, na darasa humpa neno la kitu hicho, namna ya kuliandika na namna ya kukihesabu. Mtoto aliye na kitu bila ya neno lake atabaki kumtegemea mwingine amsomee bei ubaoni.

MADA ISIWE KISINGIZIO

Tumesifu ufundishaji huu, na haki inatutaka tuuonye pia. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 tafiti za Uwezo hapa nchini zilionyesha kwamba wanafunzi takribani watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Habari hiyo ilishtua wengi, na hali ya namna hiyo ndiyo iliyofanya mkazo urudishwe kwenye KKK.

Somo lake kwetu ni kwamba mtoto anaweza kuimba wimbo wa samaki kwa sauti tamu, akachora samaki mzuri, akajua kwamba samaki hujenga mwili, na bado asiweze kulisoma neno "samaki". Darasa linapokuwa na watoto wengi na vitabu vichache, ni rahisi wote kuitika pamoja, na anayejua akamfunika asiyejua. Katika hali hiyo mada huwa pazia. Mada njema humsaidia mtoto kufika kwenye herufi, haimpitishi kando yake.

Mzazi anaweza kulibaini jambo hili bila ya kuwa mwalimu. Mtoto akisema amesoma usipa, mwandikie neno hilo kwenye karatasi au mchangani. Akilisoma, usiridhike bado, kwani huenda amelikariri kwa umbo. Chukua silabi zile zile uzipange upya: andika "pasi", andika "sisi", andika "papa". Kutokana na "samaki" andika "kisa", andika "kima", andika "mama". Akiyasoma maneno hayo ambayo hakuyakariri, mshukuru Mwenyezi Mungu, mtoto wako anasoma. Akishindwa, usimpige wala usimtukane. Nenda kamwone mwalimu wake mapema, kabla mwaka haujaisha. Na mzazi asiyejua kusoma amwombe kaka au dada wa mtoto aifanye kazi hiyo, naye akae karibu asikilize.

NYUMBANI NA MADRASA

Wapo miongoni mwetu wanaoona kwamba shule ni ya dunia na madrasa ni ya akhera, na kwamba kila moja ina njia yake. Mtoto mdogo hana mgawanyo huo. Siku anayofundishwa shuleni mada ya mwili wangu, jioni yake madrasa hufundishwa udhu. Udhu ni nini kwa mtoto, kama si kutaja viungo kimoja kimoja, kwa utaratibu usiovurugwa, kulia kabla ya kushoto, na kuhesabu moja, mbili, tatu? Ustadhi akijua kwamba wiki hii shule inafundisha mwili, na mwalimu wa shule akijua kwamba watoto hawa wanajifunza udhu, kila mmoja humrahisishia mwenzake kazi. Hilo halihitaji fedha, linahitaji watu wawili kusalimiana na kuulizana.

Tena tuzingatie namna Mwenyezi Mungu alivyozipa baadhi ya sura majina ya vitu ambavyo mtoto anavijua au anaweza kuonyeshwa: Ng'ombe, Radi, Nyuki, Sisimizi, Buibui, Tembo, Tini. Mtoto anayesoma shuleni mada ya wadudu akaambiwa na mama yake kwamba nyuki, sisimizi na buibui kila mmoja ana sura yenye jina lake, ataviangalia viumbe hivyo kwa jicho jingine.

Nayo Sunna inatufundisha adabu ya kuzungumza na watoto. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.), pamoja na majukumu yake yote, alimuuliza mtoto mdogo aitwaye Abu Umayr habari za ndege wake mdogo aliyekuwa akicheza naye. Hakumuuliza mambo makubwa, alimuuliza juu ya kile kilichoujaza moyo wake siku ile. Basi kumuuliza mtoto habari za samaki wake wa darasani, na kulisikiliza jibu lake hadi mwisho, si kupoteza wakati.

Lipo pia jambo la kipindi cha dini. Mtaala umeiwekea dini nafasi yake hata kwa watoto wadogo. Lakini katika maeneo kama Mbinga na Nyasa, ambako Waislamu ni wachache na majirani zetu wengi ni Wakristo, kipindi hicho kwa watoto wetu hutegemea mara nyingi mtu wa kujitolea. Asipopatikana, watoto wetu huketi nje wakisubiri wenzao wamalize. Badala ya kunung'unika, misikiti ya sehemu hizo itazame ni nani, mwanamume au mwanamke, anayeweza kutoa saa moja au mbili kwa wiki, azungumze na mwalimu mkuu, na afundishe kwa utaratibu.

Na katika mada ya familia na majirani, tusimfiche mtoto ukweli kwamba jirani yake ana dini nyingine. Mtoto wa Kiislamu anayeketi dawati moja na mtoto wa Kikristo, wakala pamoja mahindi ya kuchoma na kupeana salamu ya pole kwenye msiba, anajifunza haki za jirani ambazo dini yetu imezisisitiza mno. Muhimu ni kwamba aijue dini yake vyema nyumbani, ili awe na heshima kwa wengine bila ya kuyumba.

NASAHA ZETU

Kwa hiyo, ndugu wazazi, tunanasihi mambo manne. Kwanza, kila wiki mjue mada ambayo mtoto anafundishwa. Muulizeni yeye, na msipoelewa muulizeni mwalimu. Pili, mtafutieni kitu kimoja cha nyumbani kinachohusiana nayo, awe ni samaki, mche wa kahawa, ndoo au kipimo, mkizungumze naye hata kwa dakika kumi, na msione aibu kutumia lugha ya nyumbani, kisha mtamkieni neno la Kiswahili. Tatu, mjaribuni kwa silabi zilizopangwa upya, mpate kujua kama anasoma au anakariri. Nne, na hili ndilo kubwa, yale mliyokubaliana nayo kwenye mada myatende mbele yake: maji yachemshwe, choo itumike, kipimo kijazwe kwa haki, mtoto asibakizwe nyumbani siku ya shule.

Watoto wetu ni amana, na tutaulizwa juu yao. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape walimu wa madarasa ya mwanzo subira na malipo mema, atuwafikishe sisi wazazi kuwa wasaidizi wao, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa katika dunia yao na akhera yao. Amin.